Histo si pointi tano tu: Swali ambalo hukuulizwa darasani

Wewe uliyemaliza Kidato cha Nne, hebu tujaribu kitu kidogo. Usifungue simu, usiulize mtu. Taja sababu tano zilizofanya jamii za Kenya zishindwe kuwazuia Waingereza kutwaa nchi hii.

Umeziona zinavyokuja zenyewe? Silaha duni. Ukosefu wa umoja. Njaa na magonjwa ya miaka ya 1890. Reli iliyosafirisha wanajeshi haraka. Machifu waliokubali kushirikiana na mkoloni. Umepata zote, na kama ungekuwa kwenye chumba cha mtihani ungekuwa umeshavuka swali linalofuata.

Sasa jibu la pili. Tumejuaje hayo? Nani wa kwanza aliandika kwamba jamii zetu "hazikuwa na umoja"? Alikuwa mzee wa kijiji, mmishenari, au afisa wa kikoloni aliyekuwa akiandikia wakubwa wake ripoti ya kujisifu? Na wale walioshindwa, wao walisema nini?

Hapo kimya. Na si kwamba wewe ni mjinga. Hukuulizwa. Miaka minne ya Histo, tatu kati yake ukiandika noti ubaoni hadi mkono unauma, na swali la "tumejuaje" labda halikuja hata mara moja.

Mtihani ndio uliotufunza hivi

Ukitaka kujua somo linafundishwaje nchini, usianze na kitabu. Anza na mtihani. KCSE ya Historia na Serikali ina karatasi mbili: ya kwanza ni Kenya, ya pili ni Afrika na dunia. Kila karatasi ina sehemu tatu. Sehemu A ni maswali mafupi, alama 25. Sehemu B alama 45, C alama 30. Katika B na C swali huja kwa mtindo mmoja unaoujua: toa sababu tatu, alama tatu, eleza athari sita, alama kumi na mbili. Yaani pointi moja iliyoelezwa vizuri ni alama mbili, basi, songa mbele.

Mwalimu anaujua mchezo huu kuliko wewe. Ana kipindi cha dakika 40. Tangu 2018, serikali ilipotangaza kwamba kila aliyemaliza darasa la nane lazima aingie sekondari, madarasa mengi ya shule za umma yalifurika. Pesa za serikali zilizowekwa za Sh22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, walimu wakuu wamelalamika mara nyingi kwamba huchelewa. Silabasi lazima iishe. Katika hali hiyo, nani atasimama kuuliza darasa, "Je, mnaamini kitabu hiki?" Mwalimu anayefanya hivyo anaweza kuitwa ofisini aeleze kwa nini mada ya Mkutano wa Berlin bado haijaguswa.

Kwa hivyo tunameza, tunaingia chumba cha mtihani, tunatapika, tunasahau. Kinaya ni kwamba mada ya kwanza kabisa ya Kidato cha Kwanza ilihusu vyanzo vya historia: masimulizi, akiolojia, maandishi, lugha. Nayo tuliipokea vilevile. Toa manufaa matatu ya masimulizi kama chanzo cha historia. Toa udhaifu wake mara tatu. Tulikariri faida za kuwauliza wazee bila kumuuliza mzee hata mmoja.

Utasema, sawa, kuna shida gani? Hata Kemia tunakariri. Shida ni kwamba fomula ya maji haina mtu anayefaidika ukiikosea. Historia inaye.

Maji ya Hola

Chukua mfano mmoja. Machi 3, 1959, kambi ya Hola, Tana River. Wafungwa wa Mau Mau waliokuwa wamekataa kufanya kazi ya lazima walipelekwa shambani kwa nguvu. Kumi na moja wakafa.

Serikali ya kikoloni ilitoa taarifa kwa umma. Taarifa hiyo ilisema watu hao walifariki baada ya kunywa maji. Hivyo tu. Jua kali, kiu, maji, kifo.

Lakini maiti zilikuwepo, na zilichunguzwa. Uchunguzi wa mahakama uliofuata ulionyesha majeraha ya kipigo. Walipigwa na askari wa magereza hadi wakafa. Habari ilifika Bunge la Uingereza, kukawa na mjadala mkali Julai mwaka huohuo, na mfumo mzima wa kambi hizo ukaanza kuporomoka.

Sasa weka kando kidogo huzuni ya kisa hiki, utazame jinsi kilivyojulikana. Kulikuwa na hati rasmi yenye muhuri wa serikali, na hati hiyo ilidanganya. Kulikuwa na miili, madaktari, mashahidi walionusurika. Mtu fulani alilazimika kulinganisha hati na miili na kusema: haviendani.

Kazi hiyo ya kulinganisha ndiyo historia. Orodha ya "matokeo matano ya mauaji ya Hola" ni risiti tu. Ukifundishwa risiti peke yake, siku utakapopewa taarifa ya serikali nyingine inayosema watu walikufa kwa kunywa maji, utaandika pointi na kugeuza ukurasa.

Shujaa darasani, haramu kisheria

Hola ilikuwa ya mkoloni, utaniambia, na mkoloni alienda. Basi tazama hii.

Mau Mau ilipigwa marufuku 1950. Hali ya hatari ikatangazwa Oktoba 20, 1952. Dedan Kimathi akanyongwa Februari 18, 1957 katika gereza la Kamiti. Uhuru ukaja 1963. Unajua marufuku ile iliondolewa lini? 2003. Miaka 40 baada ya bendera kupandishwa.

Fikiria maana yake. Miaka hiyo yote, mtahiniwa aliandika kwamba Mau Mau ilichangia kupatikana kwa uhuru akapata alama zake, ilhali katika vitabu vya sheria Mau Mau bado lilikuwa kundi haramu. Mjukuu alipewa alama kwa kumsifu babu ambaye hakuweza kusajili chama na wenzake waliopigana naye msituni. Sanamu ya Kimathi pale katikati ya jiji ilizinduliwa 2007. Ukipita hapo ukielekea kazini, kumbuka kwamba ni changa kuliko wengi wenu mnaosoma makala haya.

Kisha wazee wachache wakaenda London. Kesi yao ilianza 2009. Katikati ya kesi, mwaka wa 2011, serikali ya Uingereza ikakiri kwamba ilikuwa imeficha maelfu ya mafaili kutoka makoloni yake 37 ya zamani, yakiwemo ya Kenya, katika jumba moja mashambani. Mafaili mengine yalichomwa kabla ya bendera kushushwa. Juni 2013 Uingereza ikatangaza fidia ya pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228 na kueleza majuto yake.

Ona basi: miaka 50 vitabu vyetu viliandikwa huku sehemu kubwa ya ushahidi ikiwa imefungiwa ng'ambo. Na si profesa pekee aliyesaidia kuufungua. Ni wazee waliokuwa na makovu mwilini na waliokataa kunyamaza.

57 au karibu 1,000?

Mambo huwa magumu zaidi hadithi inapovuka 1963, kwa sababu sasa wahusika ni sisi kwa sisi.

Wale Sita wa Kapenguria unawajua kwa majina: Kenyatta, Kaggia, Kubai, Ngei, Oneko, Karumba. Ni swali la bure kabisa katika Sehemu A. Lakini hebu fuata jina moja hadi mwisho. Bildad Kaggia aliingia serikalini baada ya uhuru, akazidi kudai ardhi kwa wasiokuwa nayo, akatofautiana na wenzake waliofungwa naye. 1966 aliihama KANU akajiunga na chama cha KPU cha Jaramogi Oginga Odinga. 1968 akafungwa tena, safari hii na serikali aliyoipigania. Ukimjua Kaggia wa 1952 pekee, unajua nusu ya mtu.

Pio Gama Pinto aliuawa Februari 1965. Tom Mboya Julai 1969. J.M. Kariuki Machi 1975. Kwenye noti nyingi wote watatu hukaa katika mstari mmoja chini ya kichwa "changamoto za kisiasa baada ya uhuru". Mstari mmoja, watu watatu, na swali la nani aliyetoa amri limebaki nje ya ukurasa.

Sasa Wagalla. Februari 1984, Wajir, wanaume wa jamii ya Degodia walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla na wanajeshi, wakazuiliwa kwa siku kadhaa bila chakula wala maji, na wengi wakauawa. Serikali ilisema waliokufa ni 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano (TJRC), iliyomkabidhi Rais ripoti yake Mei 2013, ilisema waliouawa na waliotoweka wanakaribia 1,000.

Uliza marafiki zako watano waliosoma Nairobi, Nakuru au Kisumu ni wangapi walifundishwa Wagalla darasani. Kisha muulize mmoja aliyekulia Wajir. Yeye hahitaji darasa. Kwao kuna mjomba ambaye hajarudi.

Kati ya 57 na 1,000 kuna mamia ya watu. Ni tofauti isiyoweza kuelezwa kwa alama mbili. Na ripoti ya TJRC ipo: mabuku manne, maelfu ya walioandikisha ushahidi, Wakenya wakiwaambia Wakenya yaliyowapata. Shule ya sekondari inaweza kufunza mwaka mzima kutoka humo bila kununua kitabu kingine.

Kisha ikafika zamu yetu

Kama bado unaona haya ni mambo ya wazee, rudi Juni 25, 2024. Huenda ulikuwa barabarani. Huenda ulikuwa nyumbani simu mkononi, ukituma nambari za mawakili na mahali pa kuchangia damu. Mswada wa Fedha, Bunge likaingiwa, risasi zikalia, na siku iliyofuata Rais akasema hatautia saini.

Juni 30, Rais William Ruto katika mahojiano ya runinga alisema waliokufa ni 19. Siku moja baadaye, Julai 1, Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu (KNCHR) ikasema ni 39.

Umeona? Siku tano tu, kila mtu ana simu yenye kamera, na tayari kuna hesabu mbili. Je, 1984, Wajir, bila simu hata moja?

Vuta picha ya mwaka 2044. Mwanao ameketi kwenye dawati, amefungua karatasi: eleza sababu tano zilizochangia maandamano ya vijana nchini Kenya mwaka 2024. Alama kumi. Anaandika: kodi ya juu, ukosefu wa ajira, ufisadi, mitandao ya kijamii, ukatili wa polisi. Amepata zote. Anakuja nyumbani anakuambia Histo ilikuwa rahisi.

Hajui jina la hata mmoja wa waliouawa. Hajui kwamba kulikuwa na hesabu mbili. Hajui wewe ulikuwa wapi. Na hajakosea popote, kwa sababu mwongozo wa kusahihisha haukuuliza.

Hivyo ndivyo vijana wa 1990 walivyotupotea. Wengi wetu tulipaza sauti ya Saba Saba kama jina la siku bila kujua kwamba Julai 7, 1990 vijana wa rika letu walipigwa kwa kwenda mkutano wa Kamukunji kudai vyama vingi, na kwamba Desemba 1991 kifungu cha 2A kikafutwa. Ilibidi tugundue upya njia ambayo tayari ilikuwa imepitwa.

Mtaala mpya, shida mpya

Kuna habari njema kidogo. Mtaala wa umilisi umeahidi kupunguza kukariri. Mwanafunzi anafaa kuchunguza, kujadili, kufanya mradi. Kundi la kwanza liliingia Gredi ya 10 Januari 2026, na somo sasa linaitwa Historia na Uraia. Karatasi ya mwisho ya KCSE ya mfumo wa 8-4-4 itafanywa 2027.

Lakini soma maandishi madogo. Historia na Uraia ni somo la hiari katika mkondo wa Sayansi za Jamii. Serikali ilisema inalenga takriban asilimia 60 ya wanafunzi wa sekondari pevu wachukue mkondo wa STEM. Mtoto atakayekwenda huko anaweza kuagana na historia akiwa Gredi ya 9, katika Mafunzo ya Jamii, akiwa na miaka 14 au 15. Atakuwa mhandisi mzuri wa programu. Atapiga kura akiwa na miaka 18. Katikati hapo hakuna mtu aliyemfunza kusoma taarifa ya serikali na kuuliza imetoka wapi.

Na hata atakayebaki na somo hilo, mradi bila maktaba, bila intaneti, bila mwalimu mwenye muda, ni karatasi ya manila iliyobandikwa ukutani. Mtaala ukibadilika na mtihani ukabaki wa pointi, tumebadilisha jina la basi tu. Kondakta ni yuleyule.

Historia ya nyumbani haizungumzi Kiingereza

Kuna jambo jingine tunalolipita. Kuanzia Gredi ya 4 masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza, Histo ikiwemo. Lakini mtu aliyekuwapo 1954, wakati Waingereza walipofagia Nairobi katika Operesheni Anvil na kukamata maelfu kwa maelfu ya watu, hakuogopa kwa Kiingereza. Alisikia "toka nje" kwa Kiswahili na akamlilia mamake kwa lugha ya kwao.

Ndiyo maana mwanafunzi hurudi nyumbani na A ya Histo na bado hajui amuulize nyanya nini. Noti ziko kwa lugha moja, kumbukumbu ziko kwa nyingine. Hata mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyeandika kuhusu siasa za Mombasa na utawala wa Oman mapema karne ya 19, tukiyakuta ni kwenye fasihi, tunahesabu vina na mizani. Ni nadra kuambiwa kwamba huyo alikuwa shahidi.

Na mtaa wako nao ni shahidi. Kariakor ni sauti ya Kiswahili ya "Carrier Corps", kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ambao walikufa kwa maelfu wakibeba mizigo ya vita visivyokuwa vyao. Kibera ilianza kama msitu waliopewa wanajeshi Wanubi. Ukumbi wa Kaloleni ndiko Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alikodai uhuru kamili wa Afrika Mashariki Aprili 1950. Alikamatwa wiki chache baadaye, akazuiliwa hadi 1961. Matatu yako inapita hapo karibu kila siku, muziki juu.

Sasa ufanye nini?

Huna haja ya kurudi shule. Anza na maswali manne, uyatumie kwa kitabu, kwa hotuba, kwa video ya dakika moja uliyotumiwa kwenye WhatsApp: Nani anasema? Alikuwapo? Anafaidika nini nikimwamini? Na nani hajaulizwa?

Pili, zungumza na mzee mmoja kabla mwaka haujaisha. Muombe ruhusa, washa kinasa sauti cha simu, muulize kuhusu jambo moja tu, si maisha yake yote. Agosti 1, 1982 ulikuwa wapi? Siku Mboya alipouawa mtaani kwenu kulitokea nini? Mwache aongee kwa lugha yake. Usimkatize kumsahihisha tarehe. Tarehe utazitafuta baadaye, na zikitofautiana na kitabu, hapo ndipo kazi inaanza.

Tatu, hifadhi yako. Picha za Juni 2024 zinazokaa kwenye simu yenye kioo kilichopasuka zitapotea. Ziweke mahali pawili. Andika tarehe, mahali, na kile ulichokiona wewe mwenyewe, si ulichosikia. Kama ulimjua aliyeuawa na familia yake inaridhia, liandike jina.

Nne, kama una mdogo wako anayechagua masomo ya Gredi ya 10, zungumza naye kabla shule haijamchagulia. Na kama wewe ni mwalimu wa Histo unayesoma haya kati ya vipindi viwili: dakika tano mwishoni mwa somo, hati mbili zinazopingana ubaoni, swali moja. Silabasi itaisha tu.

La mwisho ni rahisi sana kwa wa Nairobi. Mara ngapi umemwambia mtu "tukutane Archives"? Ni kituo chetu cha kungojana, tunaegemea ukuta wa jengo hilo la Moi Avenue tukitazama saa. Ndani yake kuna Nyaraka za Kitaifa: barua, ripoti, mafaili ya wakoloni na ya serikali zilizofuata. Unajiandikisha, unaomba faili, unaletewa, unasoma kwa macho yako.

Jumamosi hii mwenzako akichelewa, usimngojee nje.